Mdudu Katika Maji ya Posa

Kwa mama yangu wote walikuwa wadudu. Uduvi wekundu niliowafuga kwenye tangi la kioo sebuleni kwetu Chang'ombe ya Dodoma, konokono waliokuja na majani bila kualikwa, na wale wadogo zaidi ambao ilibidi uiname na kukodoa macho ndipo uwaone, wote kwake walikuwa wadudu, na mahali pa mdudu ni nje.

"Uduvi ninaoujua mimi unauzwa kwa fungu, umekaushwa," aliniambia siku nilipowaleta. "Kumbe umesoma chuo kikuu chote kile uje uulishe mchicha?"

Nilikuwa nimemaliza shahada, kazi ya kudumu sina, na nilikuwa na tabia iliyowachosha wote nyumbani: kila lililosemwa nilitaka kujua limetoka wapi. Mbele ya lile tangi ndipo pekee maswali yangu hayakumkera mtu. Niliweza kukaa pale asubuhi nzima nikiuliza na kujijibu.

Kisha, siku chache kabla ya watu wa Kondoa kuja kumposa dada yangu, tuliamka tukakuta kioo cha mbele kimejaa. Minyoo myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, ilijikunja na kujinyoosha kuanzia chini hadi karibu na juu. Katikati yake nukta nyeupe ziliruka kwa kushtukashtuka, kama punje za chumvi zilizopata uhai. Juu ya changarawe vilizunguka vitu vingine vya mviringo, vya ukubwa wa ufuta, mbio mbio, kana kwamba vimechelewa mahali.

"Hii sasa ni aibu," alisema mama. "Mwaga."

"Mama, hatuwezi kumwaga tusichokijua."

"Mimi nakijua. Ni funza."

Hawakuwa funza. Nilichukua tochi na kioo cha kukuzia, nikabandika kioo kwenye kamera ya simu, nikaanza kuwatazama mmoja mmoja. Niliyemwogopa ni mnyoo bapa, mwenye kichwa kama ncha ya mshale na macho mawili yaliyosogeana, anayeteleza kwenye kioo kama tone la mafuta. Huyo hula watoto wa uduvi. Minyoo yangu haikuteleza, ilifurukuta, na kichwa chake huwezi kukitofautisha na mkia. Ni walaji wa mabaki. Nukta zinazoruka ni ndugu wa mbali wa uduvi wenyewe, wenye jicho moja, na wale wa ufuta ni ndugu pia, wanaoishi ndani ya magamba mawili kama kunde iliyopasuka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ubaya na uduvi.

Aliyekuwa na ubaya ni mimi. Nilikuwa naweka mchicha mwingi kupita wanavyoweza kuula, ukaoza chini, hewa ikapungua kwenye changarawe, minyoo ikapanda juu kutafuta pumzi. Dawa yake si dawa. Unapunguza chakula, unanyonya uchafu wa chini kwa mpira, unaongeza maji safi kidogo, unangoja. Lakini wageni wasingengoja, na maji yalikuwa ya mgao. Yale ya kwenye mapipa mama alikwishayapangia kazi: pilau, vyombo, mikono ya wageni. Nilinyonya kadiri nilivyoruhusiwa. Minyoo ikapungua, haikwisha.

Dada yangu alinifuata hapo kwenye tangi. Ni mkubwa kwangu, fundi cherehani, si mtu wa maneno mengi. Alikuwa amempenda yule mwanamume kwa muda mrefu, na kilichowachelewesha ni shangazi wa mwanamume huyo, aliyemlea, ambaye hakuwa na haja na binti wa watu wa Gulwe, kwetu kwa asili, asiowajua. Sasa shangazi huyo alikuwa amekubali kuja kujionea mwenyewe. Asiporidhika, hakuna ndoa.

"Mdogo wangu, wadudu wako sina neno nao," alisema. "Ila siku hiyo, nakuomba, amkia kisha unyamaze."

"Kwa nini?"

"Umeona? Ndiyo hiyo ninayoisema."

Mshenga wao alikuwa amekwisha kutuelekeza desturi ya ukoo ule. Mgeni wa posa huwekewa maji ya kunywa, lakini hayagusi. Anazungumza maji yakiwa mbele yake. Akijibiwa na kuridhika anakunywa, na hapo posa imepita. Akiondoka bila kunywa, hakuna haja ya kuuliza. Nilitaka kujua nani alianzisha jambo hilo na lilimsaidia nini.

"Aliyeanzisha ana adabu kukushinda," alijibu baba mdogo, ambaye ndiye angesema kwa niaba ya marehemu baba.

Siku ilipofika mama alilifunika tangi kwa kitambaa kikubwa cha kufuma, kile cha juu ya kabati. Mshenga aliingia mbele, shangazi nyuma yake, mwanamke mrefu aliyevaa baibui jeusi na kutazama kuta kabla ya watu. Tukaamkia. Mama akaleta jagi na glasi, akamimina, akarudi jikoni kwenye pilau. Dada alikuwa chumbani, kama inavyotakiwa. Baba mdogo na mshenga wakaanza kuzungukana kwa maneno: tumesikia nyumba hii ina ua, ua liko lakini lina wenyewe. Mimi nilikaa pembeni na mdomo wangu umefungwa.

Shangazi hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akisikiliza kitambaa.

"Hilo sanduku mbona linakoroma?"

Ilikuwa pampu ya hewa. Baba mdogo alinitazama kwa namna ya kunisihi. Nami nilikwishasimama. Nilikuwa nimesubiri siku nyingi mtu aulize.

Nilifunua kitambaa. Alisogea, akatazama uduvi, akatabasamu kidogo. Kisha akaiona minyoo.

"Haa!" alisema akimgeukia mshenga. "Kondoa tunawachuja kwa kitambaa, Dodoma wanawafunika kwa kitambaa!"

Mshenga alicheka, baba mdogo akacheka pia, kwa afueni. Ulikuwa mzaha tu. Ningecheka nao yangeisha. Badala yake nilianza kueleza. Nilisema hawana madhara, nilisema kuwaogopa ni mazoea tu yasiyo na ushahidi, nilisema wapo kila penye maji. "Hata hapa," nilisema, na ili kuonyesha ninavyomaanisha, nikawasha tochi ya simu na kuielekeza kwenye glasi yake pale mezani.

Sikutegemea kuona kitu. Nyumbani kwetu maji ya kunywa huchemshwa, tena mama huyachuja baada ya kuchemsha. Lakini kwenye mwanga ule nukta moja nyeupe iliruka, ikatulia, ikaruka tena.

Tuliiona sote.

"Huyo," alisema shangazi polepole, "anauma?"

"Hapana, shangazi."

"Nikimmeza?"

Jibu la mtu mwenye akili lilikuwa moja tu, tena fupi. Lakini nilikumbuka nilichowahi kusoma kuhusu visima vya nchi nyingine, ambako jamaa za mdudu huyu hubeba ugonjwa, nikaona si haki kusema nina hakika na jambo ambalo sikulipima.

"Inategemea," nilisema.

Shangazi aliisukuma glasi mbele, kwa kidole kimoja. Akamwambia mshenga neno kwa Kirangi, lugha ya kwao, naye akaanza kukusanya kofia yake na fimbo. Baba mdogo alisema, "Bibi, tutabadilisha maji," lakini hakuna aliyemtazama, kwa sababu mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na khanga mdomoni, na uso wake ulisema yote. Baadaye aliniambia: gesi ilikuwa na sufuria ya pilau, maji yaliyochemshwa yakapungua, akaongeza kidogo kutoka kwenye ndoo. "Siku moja tu, mwanangu. Maisha yangu yote nachemsha."

Pazia la chumbani likasogea. Dada alitoka, kichwa amejitanda, bila kuitwa. Alipiga goti, akamwamkia shangazi, akachukua ile glasi iliyosukumwa, akanywa. Alikunywa yote hadi chini na kuirudisha mezani.

"Wewe mtoto," alisema shangazi. "Hayo yalikuwa yangu."

"Nisamehe, shangazi."

"Unajua anayekunywa maji hayo amesema nini?"

"Najua."

Halafu mshenga akapasuka kwa kicheko, akaiweka fimbo chini. "Basi tumejibiwa! Tena na mwenyewe!" Shangazi akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika kochi. Aliagiza chai. Pilau ililiwa. Mimi nilikula nikiwa nimeinamia sahani.

Jioni nilitaka kulimwaga tangi lote uani. Dada alinizuia mkono. "Ukilimwaga leo, watasikia tumelimwaga, na watajua tuliona haya. Punguza mchicha, basi." Nilipunguza. Baada ya muda minyoo ilirudi chini kwenye changarawe na kioo kikawa safi. Hilo nilijua tangu mwanzo kuwa lingetokea.

Dada sasa yuko Kondoa. Ukweni wanamwita Bi Kiu. Shangazi ndiye huanzisha, kwenye harusi za watu, mbele ya wanawake wote: huyu hapa ndiye aliyeshindwa kungoja, aliyejiposa mwenyewe kwa maji ya wageni. Wanacheka hadi machozi. Mwanamke kuambiwa alikuwa na haraka ya kuolewa si jambo dogo kule, hata likisemwa kwa utani, na utani huo hauna mwisho.

Safari moja nilipokwenda kumsalimu niliisikia hadithi hiyo kwa masikio yangu. Ndani yake hamkuwa na tochi, hamkuwa na mdudu. Hata mimi sikuwemo.

"Mbona shangazi anaruka hapo?" nilimuuliza dada tulipobaki wawili, yeye akipepeta mchele.

"Nilimwomba."

"Mwambie asimulie yote. Waniseme mimi. Kosa ni langu."

Aliendelea kupepeta. "Akikutia wewe na tochi yako, lazima aseme ulimulika nini. Halafu watauliza maji yalitoka kwa nani." Akapuliza makapi. "Shangazi alinipa nichague, wanicheke mimi au wamcheke mama. Sasa ulitaka nimjibu kwamba inategemea?"

Nilichukua ungo wa pili nikaanza kumsaidia. Alinitazama ninavyopepeta vibaya, punje zikimwagika, akaziokota.