Alama Iliyogoma Kubadilika

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya mabango pale Nyakato, Musoma, sikupewa brashi. Fundi Mkuu, mtu mfupi aliyevaa tai hata akipanda ngazi, alinipa uzi uliopakwa chaki na kunionyesha namna ya kuuvuta ubaoni na kuuachia ghafla ili uache mstari ulionyooka. Wiki nzima nilipiga mistari. Wiki ya pili nikaruhusiwa herufi O, ambayo ndiyo humuumbua mchoraji, kwa kuwa haina kona ya kujificha. Nilikuwa msichana pekee pale na mdomo ninao, nikamuuliza ni lini nitachora kitu changu mwenyewe.

"Herufi isiyosomeka ni uchafu," alinijibu. "Mteja anataka jina la duka lake, hataki ndoto zako."

Nilimtii miaka mingi, Mungu ananiona.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Bunda, kata ya Kabasa, chini ya Msimamizi wa Tawi ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kunywa chai. Namshukuru hadi leo, maana aliniacha nifanye nitakavyo. Tulikuwa na ubao wa kufutia brashi na kujaribia mikono, na juu yake herufi zilipandana hata usijue ipi ilitangulia. Niliutazama ubao ule kuliko mabango yenyewe. Vijana waliochora majina kwenye bajaji kwa rangi ya kupuliza walinifundisha kuiacha rangi ichuruzike ipendavyo. Mimi nikawafundisha kunenepesha herufi kwa kugeuza brashi bila kuiinua. Hapo ndipo nilipoanza kuchora turubai zangu: mwandiko usiosomeka, rangi ya kupuliza, na alama nilizobuni mwenyewe. Watu waliniuliza zina maana gani. Nilijibu kwa maringo kwamba hazina maana yoyote, zimetoka kichwani mwangu na hazipo kokote duniani.

Majigambo hayo yalinifuata hadi Butiama, kwenye kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Meneja wa ukumbi mmoja wa sherehe alinipa ukuta mzima wa nje niujaze alama zangu. Siku ya tatu baada ya kumaliza, akanipigia simu nije haraka. Mfugaji mmoja, Mzee Magesa, alikuwa amesimama mbele ya ukuta tangu asubuhi, fimbo yake ikigusa alama moja: nusu duara, vijiti viwili juu, na nukta tumboni.

"Mama, hii ng'ombe uliionaga wapi?" akaniuliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kuwa hiyo ni chapa ya marehemu baba yake, waliyokuwa wakiwachoma nayo ng'ombe wao ubavuni, na kwamba ng'ombe wa zizi lao waliibwa wote yeye akiwa mtoto. Hakuna mwingine aliyekuwa na chapa hiyo. Watu wakaanza kukusanyika, na Meneja akaninong'oneza kwamba tupake chokaa kabla mambo hayajaharibika. Niliogopa kweli. Kwetu Mara, jina likishaguswa na ng'ombe wa wizi halisafishiki kwa sabuni, na watu hawakawii kusema lisemwalo lipo.

Nikamwapia mzee kuwa niliibuni. Hakubishana nami. Alinipa fimbo, akataka niupe ukuta mgongo na kuchora mavumbini alama tano, zangu nne na hiyo yake. Nikachora. Akazifuta kwa ndala, akataka tena. Halafu mara ya tatu. Zile nne zilibadilika kila nilipozirudia: mkia ukarefuka, kona ikahama, kama kitu cha kubuni kinavyobadilika. Ya tano ilikuja ileile, hadi nukta.

"Mkono yako inaijua," alisema taratibu.

Hapo nikakumbuka. Utotoni tulilalia ngozi ya ng'ombe, na asubuhi kabla mama hajatuamsha nilikuwa nikipitisha kidole penye kovu lisilo na manyoya: nusu duara, vijiti viwili, nukta. Baba yangu hakuwahi kuwa na ng'ombe. Huenda ngozi ile aliinunua, naogopa hakuinunua. Ningeweza kunyamaza, na siri yake ingebaki kaburini pamoja naye. Nilimpenda sana baba. Nikasema yote, mbele ya watu, machozi yakinitoka.

Mzee Magesa aliichukua fimbo yake mkononi mwangu, akaiegemea kwa mikono yote miwili.

"Mlilalaga wangapi juu yake?"

"Wanne, mzee."

"Iliwatosha?"

Nikamwambia ilitutosha. Akamgeukia Meneja, akamwambia asilete chokaa, ukuta ubaki ulivyo. Kisha akaenda zake.

Sasa nimestaafu, nachora nyumbani Musoma, na vijana wanaokuja kunitembelea huniuliza alama zangu nazitoa wapi. Siwajibu kwa maringo tena. Alama mpya ikinijia, nairudia mara tatu kwenye karatasi. Ikibadilika, naipeleka kwenye turubai. Ikija ileile, naweka brashi chini na kujiuliza ni mali ya nani.