Fundi wa Sultan Hamud na Honi Iliyodhaniwa Lori

Saa nne asubuhi, siku ya soko mjini Sultan Hamud, Kiilu Ndululu yuko juu ya ngazi akifungua honi. Ni honi ya lori, ndefu kama mkono wa mtu mzima, aliyoifunga mwenyewe chini ya paa la duka hili mwaka juzi. Nati zimeshika kutu. Anazigonga kwa nyundo, ananong'ona maneno ya Kikamba yasiyofaa kuchapishwa, na vumbi la paa linamwingia machoni.

Chini yake, mlangoni, amesimama mwenye duka, Kalondu Musembi, ambaye mji mzima unamwita Mama Nzilani. Hamshikii ngazi. Mkono wake wa kulia ameuficha ndani ya leso.

"Ukiishusha usiiache hapa," anamwambia. "Sitaki kuiona hata kwenye jalala langu."

"Nitaibeba, mama," anajibu Kiilu.

Kushusha honi ni kazi rahisi. Shida iko ndani ya mfuko wa turubai aliouacha chini ya ngazi. Humo mna kengele ndogo ya umeme, ya aina inayofungwa kwenye milango ya nyumba, na bunda la waya. Anataka kuifunga mahali pa honi, na Kalondu hajasema ndiyo wala la.

Wenye maduka jirani wamejua. Mwuza nyama ametoka na kisu chake mkononi, wengine wameegemea milango yao kana kwamba wanapunga upepo. Wote wanangoja neno la mwanamke mmoja. Kalondu akiikubali kengele, nao watamsikiliza fundi. Akiikataa, basi.

"Huyu mama akikataa, nitarudi kwetu Tseikuru nikachunge mbuzi za watu," Kiilu alikuwa amemwambia mwandishi wa makala haya asubuhi hiyo. Hakuwa anatania.

Kiilu ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, akaacha shule darasa la tano na kuingia barabarani kama tanboi, msaidizi wa dereva wa lori. Baadaye alijifunza umeme wa magari katika gereji moja ya Mwingi. Hana cheti. Ana masikio tu, anasema, na vidole vilivyozoea kupigwa shoti.

Kengele yake ya kwanza ya kuzuia wezi aliifunga mwaka 1985 kwa mjomba wake huko Tseikuru, kwenye zizi la mbuzi. Alitumia betri kuukuu, swichi ndogo iliyotoka kwenye mlango wa gari, na honi aliyoitoa kwenye lori lililopinduka. Mlango wa zizi ukifunguliwa, honi inalia.

Siku wezi walipokuja, ililia. Wanaume wa kijiji kizima walitoka na pinde. Wezi walikimbia, mmoja akaacha kiatu, na kiatu hicho kilining'inizwa kwenye mti karibu na zizi mpaka kikaoza.

"Hapo nikajiona nimemaliza shule," Kiilu anasema.

Kitu ambacho hakukifikiria wakati huo ni kwa nini watu walitoka. Tseikuru ya siku hizo lori lilikuwa kama mgeni: lilijulikana linakuja siku gani na linaendeshwa na nani. Honi ikilia siku isiyo yake, kila mtu angetaka kujua kuna nini.

Alifunga nyingine Tseikuru, kisha nyingine viungani mwa Mwingi, kwenye mazizi na stoo za nafaka. Mwaka 1992 akasikia kwamba biashara iko barabara ya Mombasa, ambako maduka yamepangana na wezi wanajua njia. Akahamia Sultan Hamud, akakodi kibanda karibu na reli, akaandika kibao kwa rangi nyekundu: KIILU ALARM. TUNAPIGA NDURU KWA NIABA YAKO.

Mgeni huenda asielewe uzito wa kibao hicho. Ukambani, nduru ya kuomba msaada ikipigwa hakuna anayekaa. Hata kama ni jirani mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, unaenda kwanza, ugomvi utaukuta ukirudi. Asiyekwenda huulizwa mbele za watu alikuwa wapi, na zamani angetozwa mbuzi.

Kiilu aliwauzia watu hawa mapumziko. Aliwaambia hawana haja ya kumlipa mlinzi, wala kukatika sauti. Alifunga kila honi kwa shilingi elfu tatu, na haikuchukua muda mrefu kabla ya maduka mengi yanayotazama barabara kuwa na honi chini ya paa. Alinunua baiskeli, akafikiria kuoa mke wa pili, mkewe akamnyamazisha.

Kisha ikaja Agosti ya mwaka jana.

Kalondu alikuwa akishona sare za shule. Alikuwa na cherehani tatu na wasichana wawili aliowafundisha kazi. Yeye hulala chumba cha nyuma ya duka. Wezi walipovunja mlango wa mbele usiku, honi ililia kama ilivyotakiwa, na hili ndilo jambo ambalo Kiilu halisemi bila kutazama chini.

"Ingekuwa imeharibika ningejitetea. Ningesema ni betri, ni waya, ni panya. Lakini ililia. Ililia vizuri sana."

Kanisani kwao Kalondu ndiye anayeanzisha nyimbo, na mchungaji hutania kwamba siku akiwapo hakuna haja ya kipaza sauti. Mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko wote Sultan Hamud alikaa kitandani akanyamaza.

"Nilikumbuka maneno ya fundi," Kalondu anaeleza, bila kupandisha sauti. "Aliniambia, usipoteze pumzi yako, mama, hii itapiga nduru kwa niaba yako. Nikakaa. Nikasema, sasa wanakuja."

Hakuna aliyekuja. Sultan Hamud iko juu ya barabara ya Mombasa. Malori hupiga honi usiku na mchana: yanafukuza punda, yanasalimiana, yanawaita wauza chai. Mtu aliyezaliwa hapa haisikii honi, kama vile mtu wa posho mili, kinu cha kusaga unga, asivyousikia mtambo wake.

Waithaka, mwuza mabati na misumari ambaye ukuta wake umeshikana na wa Kalondu, aliisikia honi tangu ilipoanza hadi wezi walipoikata waya. Ni mzee wa miaka sitini, aliyekuja hapa kutoka upande wa Nyeri akiwa kijana na hajahama tena.

"Nilimwambia mke wangu, dereva huyo leo amelewa," anasema. "Kisha nikavuta blanketi."

Wezi nao waliujua mji. Hawakuwa na haraka. Walibeba cherehani ya kwanza na ya pili. Walipoishika ya tatu, Kalondu alitoka akaing'ang'ania, wakampiga kwa chuma kwenye kifundo cha mkono. Mfupa uliunga vibaya. Kidole gumba chake hakifiki tena kwenye kidole cha pili, na fundi wa nguo asiyeweza kushika mkasi si fundi tena. Siku hizi huuza sare zilizoshonwa Nairobi. Wasichana wake wawili walikwenda kutafuta kazi kwingine.

Asubuhi yake Kiilu alikuwa hotelini akinywa chai.

"Watu walikuwa wanaulizana ni lori gani lililokuwa likipiga honi vile," anasema. "Nikaweka kikombe chini. Nilijua ni lori gani."

Hakuna aliyekamatwa, na hakuna mteja aliyekuja kumgombeza. Angependelea wamgombeze. Walimcheka. Vijana wa stendi walimpa jina la Fundi wa Lori, na mpaka leo akipita humwuliza amepaki wapi. Alichukua kopo la rangi ya buluu akafuta nusu ya chini ya kibao chake. Nusu ya juu bado inasema KIILU ALARM.

Wazo lake la kwanza lilikuwa lile ambalo mtu yeyote angekuwa nalo: kutafuta king'ora kisichofanana na lori. Alikipata Nairobi, akakifunga kwa mwuza nyama. Kilipolia mara ya kwanza watu walitoka. Kumbe ni paka. Mara ya pili walitoka wachache, na kumbe ni upepo. Baada ya hapo mwuza nyama mwenyewe alikuwa akiamka kukizima na kurudi kulala.

Hapo ndipo Kiilu alipoanza kufikiria nduru yenyewe, si chombo cha kuipiga.

"Nduru ya mtu ina jina," anasema. "Ukiisikia unajua huyo ni Mama Nzilani, huyo ni fulani. Unaamka kwa sababu unamjua. Honi haina mama wala baba. Nani ataacha kitanda chake kwa ajili ya kitu kisicho na mwenyewe?"

Kwa hiyo akageuza kazi. Kengele mpya haifungwi kwa mwenye duka. Swichi inakaa mlangoni pa duka, kitufe kingine kinakaa karibu na kitanda cha mwenye duka, lakini waya unapita ukutani na kengele yenyewe inalia ndani ya nyumba ya jirani. Ni ndogo, haisikiki barabarani. Kazi yake ni kumwamsha mtu mmoja. Mtu huyo akiamka, yeye ndiye anayepiga nduru kwa mdomo wake.

Ni mpango mzuri, na hauuziki. Kwanza, mtu hapendi kulipia kengele itakayolia kwa mwingine. Pili, lazima jirani akubali kulala nayo, na wenye maduka wengine hawajasalimiana tangu uchaguzi.

"Zamani niliuza mashine," Kiilu anasema. "Sasa ni kama nauza jirani, na jirani hana bei."

Sasa honi imeshuka. Kiilu anaiweka chini polepole, anajifuta uso kwa kofia, anatoa kengele kwenye mfuko. Anaeleza kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye viatu vya Kalondu. Anasema alifikiria kuivusha barabara hadi kwa mwuza nyama, ambaye usingizi wake ni mwepesi.

Kisha Waithaka anatoka dukani kwake, futi ya kupimia ikiwa bado mkononi. Tangu mwaka jana mkewe amekuwa akimpelekea Kalondu unga na sukari. Kalondu amekuwa akipokea na kushukuru. Na mzee mwenyewe hajaongea naye.

"Ilete kwangu," Waithaka anamwambia fundi.

Mwuza nyama anashusha kisu chake. Kalondu anamgeukia mzee.

"Jirani, kama ningepiga nduru siku ile, ungekuja?"

Waithaka anaikunja futi yake, anaikunjua tena.

"Ningekuja bila viatu, Mama Nzilani."

Kiilu anainama, anajifanya anatafuta bisibisi mfukoni. Anaitafuta muda mrefu, na bisibisi iko nyuma ya sikio lake.

"Mpelekee," Kalondu anasema hatimaye. "Lakini silipi leo. Ikae hapo mpaka mvua ipite, nione."

Kazi inamchukua fundi hadi adhuhuri. Anatoboa ukuta, anapitisha waya, anafunga kengele juu ya kitanda cha Waithaka huku mke wa mzee akimwonya asimwagie mchanga shuka zake. Kisha wanaijaribu. Kalondu anabonyeza kitufe kwa mkono wa kushoto. Kwake hakusikiki kitu. Baada ya muda mfupi sauti ya mzee inatoka upande wa pili, nyembamba, ya mtu anayeona haya kupiga kelele mchana.

"Mzee, hiyo ni nduru au unaita kuku?" mwuza nyama anamwuliza, na watu wanacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hata Kalondu anatabasamu.

Wanarudia. Safari hii Waithaka anaiachia. Huko sokoni mwanamke anayepima ndengu anasimama na kopo lake hewani. Wanaume wawili wanaanza kukimbia kabla hawajaambiwa ni majaribio. Wakati huohuo lori la saruji linapita likipiga honi kwa nguvu zake zote, na hakuna anayeligeukia.

Kiilu anakusanya vyombo vyake. Kalondu bado anakitazama kile kitufe.

"Na hii ikikataa kulia?" anauliza.

"Ikikataa, piga nduru mwenyewe, mama. Na isipokataa, piga vilevile. Usingoje."

"Hayo ungeniambia mwaka juzi."

Fundi anaifunga honi nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira na kuisukuma kwa miguu hadi kibandani, kwa sababu ni nzito kupanda nayo. Njiani kijana mmoja wa stendi anamwuliza kama leo anavuta trela.

Anasema kuna honi zake nyingine ambazo bado ziko chini ya mapaa, hapa na huko Emali na Makindu. Anakusudia kuzishusha zote bila malipo kabla ya Krismasi, hata kwa wale watakaokataa kengele mpya. Zikiisha atanunua kopo la rangi na kuandika ile nusu ya kibao aliyoifuta. Maneno tayari anayo: PIGA NDURU KWANZA.

Anapoulizwa ataiandika wapi kengele, ambayo ndiyo biashara yake, anaitazama honi iliyolala kwenye vumbi.

"Kengele nitaiandika chini yake," anasema, "kwa herufi ndogo."