Sanduku la Barua la Bei ya Mbuzi

Maandishi yalikuwa juu kabisa ya kioo cha kompyuta, kwa rangi nyekundu: zimebaki siku kumi na mbili. Kesho yake zikawa kumi na moja. Kila asubuhi nilivuka barabara kwenda kuyasoma kabla ya kufagia duka, kama mgonjwa anayejipima homa mwenyewe na kujikuta akiogopa kipimo kuliko homa.

Miaka ile mji wa Singida ulikuwa unafunguka. Simu za kampuni binafsi zilikuwa zimeshaingia, kompyuta za mitumba zilikuwa zinaletwa kutoka Dar juu ya mabasi, na ng'ambo ya barabara yetu kulikuwa na chumba cha intaneti chenye kompyuta nne na feni moja. Mimi nilikuwa nachapa barua na kutoa fotokopi katika duka la mama mmoja mjane, karibu na stendi. Babu yake alipanda bara kutoka pwani na biashara ya chumvi, akaoa Mnyaturu, na hakurudi tena. Wateja wote walimwita Mama, nami pia. Simu ya duka aliifunga kwa kufuli dogo la sanduku, na ufunguo wake ulikaa kwenye pindo la khanga.

Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kubonyeza na kuogopa. Sina cheti cha kitu chochote. Nadhani ndiyo maana nilitaka kila kitu changu kiwe safi kupita kiasi, ili asitokee mtu wa kuniuliza nilisoma wapi. Barua moja ya mteja ningeweza kuichapa mara tatu kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi baada ya nukta. Mteja hakuiona nafasi hiyo. Mimi niliiona hata nikiwa nakula.

Huduma iliyokuwa inanihesabia siku ilikuwa ya ughaibuni. Walikupa anwani ya barua pepe pamoja na mahali pa kuhifadhi maandishi yako na anwani za watu, na ukikaa kwenye kompyuta yoyote ile ulivikuta vyote kama ulivyoviacha. Programu yao ilipiga simu, ikalinganisha kilichoko hapa na kilichoko kwao, na penye tofauti ikachukua kile cha karibuni. Kujaribu ilikuwa bure kwa miezi miwili. Baada ya hapo ulilipa kwa mwaka, na nilipoigeuza ile bei kuwa shilingi nilikuta ni bei ya mbuzi jike mzima pale mnadani Iguguno.

Anwani za bure zilikuwapo. Niliwahi kuwa nayo moja, ikajaa, kisha nilipokaa mwezi mzima bila kuifungua wakaifuta. Na jina langu humo lilikuwa limefungiwa tarakimu tano mkiani, kama nambari ya gari. Hapa naungama: hilo la tarakimu ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa sababu nilikuwa nimeandika kitabu. Hadithi ya watoto, ya kuku wa Singida anayesafirishwa kwenda Dar katika tenga juu ya basi. Niliandikia kampuni moja ya vitabu kwa posta, na mhariri wao akanijibu mistari minne: nitume hadithi kwa barua pepe kabla ya mwisho wa mwezi, naye atajibu kwa njia hiyohiyo. Kwenye barua yangu ya kurudisha shukrani nikaweka ile anwani mpya, isiyo na tarakimu, kwa sababu ilionekana kama anwani ya mwandishi. Sikuwa nimelipa. Sikujua kama ningelipa. Barua ilipokwisha kudumbukia posta ndipo nikapiga hesabu ya siku: jibu la mhariri lingefika wakati sanduku langu limekwisha kufungwa.

"Si umwandikie tena umwambie umehama?" alisema Mama.

"Atanionaje, Mama? Mtu hajatuma hata hadithi, ameshabadilisha anwani mara mbili."

"Atakuona kama watu wengine. Wewe nani alikuambia wenzio wamenyooka?"

Lakini alinisaidia. Malipo yalitaka kadi ya benki ya kimataifa, na mdogo wake aliyeolewa Maskati alikuwa nayo. Tukakubaliana kwamba mdogo mtu atalipa huko, nami nitampa Mama fedha hapa. Kilichobaki kilikuwa mbuzi.

Mbuzi nilikuwa naye. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa ananifugia Kinyangiri tangu nilipomaliza darasa la saba. Jike mmoja alikuwa amezaa, na wanawe wamezaa. Mbuzi aliyelelewa na mtu humuuzi kwa kutuma salamu, hata kama ni wako. Unakwenda, unakaa, unakunywa uji, na unasubiri uulizwe kilichokuleta.

Nikaenda Jumamosi. Shangazi alikuwa anapukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Huko mjini mnakula karatasi?"

Nikanywa uji. Nikapukuchua mahindi pamoja naye. Alizungumza Kinyiramba na jirani aliyepita, kuhusu alizeti za mtu fulani zilizoliwa na ng'ombe wa mtu mwingine, na walipomaliza akanigeukia kwa Kiswahili.

"Haya. Sema."

Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini sanduku la barua lisiloshikika ni kitu kigumu kukieleza kwa mtu ambaye mikono yake imejaa punje za mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo sanduku linazaa?"

"Halizai, shangazi."

"Mbuzi anazaa."

"Ndiyo."

"Na mwakani utalipa tena."

"Ndiyo."

Akatupa gunzi kwenye lundo. "Wanaotumia ni wangapi?"

"Ni langu mimi."

"Peke yako?" Alicheka kwa mara ya kwanza, akamwita jirani arudi asikie. "Ana sanduku la barua la mtu mmoja."

Niliona haya, kisha nikaelewa anachocheka. Pale Kinyangiri barua zote za upande ule zilipita sanduku la shule ya msingi. Uliandika jina la mtu, kupitia kwa mwalimu mkuu, na jioni wanafunzi wakazigawa njia ya kwenda nyumbani. Shangazi hakuwahi kuona sanduku la mtu mmoja, kama vile hajawahi kuona kisima cha mtu mmoja.

"Nitafikiri," alisema. "Jibu utalipata siku ya mnada."

Nilirudi mjini zikiwa zimebaki siku sita. Nikafanya ninachofanya nikiwa na hofu: nikasahihisha. Toleo la kwanza la hadithi nilikuwa nimeliandika wiki mbili nyuma kwenye chumba cha intaneti, kwa haraka, nikilipia dakika. Sasa, kwenye kompyuta ya duka, wateja wakiwa wachache, nililipiga randa kwa siku nne. Nilikuwa na kijitabu cha jinsi ya kuandika, nilichonunua kwa muuza vitabu wa chini pale sokoni, nacho kilikataza kurudiarudia. Katika toleo la kwanza yule kuku, kila basi likipunguza mwendo, aliwauliza wenzake ndani ya tenga, "Tumefika Manyoni?" nao wakamjibu, "Bado." Hata Manyoni ilipopitwa zamani, hata Morogoro, aliuliza hivyohivyo. Nikayatoa maswali yote, nikabakisha moja. Mwishoni nikaongeza mafunzo kuhusu utii. Nilimsomea Mama. Alisema, "Imenyooka," akaenda kupika.

Katika siku hizo nne umeme ulikatika mara kwa mara, maana ulikuwa wakati wa mgao. Ukirudi niliwasha, nikaendelea. Sikuweka nakala kwenye flopi. Kwa nini niweke, wakati nilikuwa na huduma ya kisasa?

Siku ya tano Mama akafungua kufuli la simu. Programu ikapiga, ikalia kama jogoo aliyekabwa, ikalinganisha, ikaniandikia kwamba kila kitu sasa ni sawa. Nikafungua hadithi niisome mara ya mwisho kabla ya kuituma.

"Tumefika Manyoni?"

Nikashuka chini. "Tumefika Manyoni?" Na tena. Mwisho hapakuwa na mafunzo yoyote, kuku alikuwa anataga yai ndani ya kofia ya mnunuzi. Kazi ya siku nne haikuwepo. Nilitafuta kila mahali panapotafutika. Nilijua kwamba nimeibiwa, na kwamba nilikuwa karibu kumuuza mbuzi nimlipe mwizi.

Fundi redio wa jirani ndiye aliyenionyesha. Hakugusa chochote, alielekeza kidole tu kwenye kona ya kioo. Tarehe ilikuwa Januari mosi ya mwaka ambao mimi sijazaliwa. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo kila umeme ulipokatika saa ya kompyuta ilirudi mwanzo kabisa. Tarehe ya kwenye risiti sisi tuliiandika kwa mkono, tukiitazama kalenda ya ukutani. Hakuna aliyewahi kuitazama ile ya kwenye kona. Kazi yangu ya siku nne ilikuwa imepigwa muhuri wa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na ile huduma, ikiambiwa ichague cha karibuni, ilichagua lile toleo la kwanza.

"Basi haikuiba," alisema Mama. "Wewe umeipa tarehe ya uongo, nayo imekuamini."

Alivuta kiti. Nadhani alitaka kunifariji. Akaanza kusoma kwenye kioo, polepole, midomo ikicheza. Alipofika Gairo akatoa sauti puani. Alipofika Morogoro alikuwa ameshika meza. "Tumefika Manyoni," alirudia, akifuta macho kwa khanga. "Huyu ni marehemu mume wangu kabisa. Tulikwenda Dar mara moja, aliniuliza vilevile mpaka Chalinze."

"Hiyo ndiyo mbaya, Mama. Nzuri imefutika."

"Ile uliyonisomea juzi?"

"Ndiyo."

"Ile ilikuwa kama hotuba ya mgeni rasmi." Akainuka. "Tuma hii. Kabla hujaipiga pasi."

Nilikaa nayo saa nzima. Nilisahihisha makosa matatu ya herufi, na naapa kwamba nilishika mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto nisiendelee. Kisha nikaituma. Ilikuwa mara ya kwanza kutoa kitu mkononi mwangu kikiwa bado kina vumbi, na nilijisikia vibaya mpaka jioni.

Siku ya mnada shangazi hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe kwa basi la kutoka Iguguno, akasalimiana na Mama kirefu, akakaa kwenye benchi la wateja. Jike hakumuuza. Alikuwa na mimba, na hilo alisema si jambo la kujadili. Alikuwa ameuza beberu mmoja wangu, na beberu mwingine kutoka fungu lake mwenyewe la ufugaji, wawili kwa pamoja kufikia bei ya jike.

"Kwa hiyo nusu ya sanduku ni yangu," alisema.

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa anwani ya barua pepe ya mwanawe, anayefanya kazi ya ujenzi Mwanza, ambaye barua zake kupitia shuleni zilikuwa zinachelewa mpaka habari zinaoza.

Naungama tena: moyo wangu ulisinyaa. Nilikuwa nimeliona lile sanduku jinsi litakavyokuwa, jeupe, na barua za mhariri tu, zimepangwa kwa tarehe. Mama aliniona.

"Na mimi mdogo wangu ndiye anayelipa kwa kadi yake," alisema. "Ataniandikia wapi? Kwenye simu yenye kufuli?"

Shangazi akacheka, wakagonganisha viganja, wanawake wawili waliojuana kwa nusu saa. Tulilipa siku moja kabla ya mwisho. Yale maandishi mekundu yakatoweka juu ya kioo, na fundi redio akabadilisha betri, kitu chenyewe ukubwa wa kifungo cha shati.

Sanduku halikukaa jeupe hata wiki moja. Mdogo wake Mama aliandika kwa herufi kubwa tupu, bila nukta. Mwana wa shangazi alituma salamu kwa majina, ukoo mzima, nami nikawa nazichapa karatasini na kumpa kondakta wa basi azipeleke Kinyangiri. Jirani wa duka la vitambaa akaomba. Mwalimu mmoja akaomba. Mwanzoni nilifungua kila barua kwa maumivu ya mtu anayeona nyayo za matope sakafuni. Nikajaribu kuzipanga kwa rangi. Nikashindwa, nikaacha, na siku niliyoacha nililala vizuri.

Zilikuwa zimepita wiki tatu tangu siku ambayo sanduku lingefungwa. Nilikuwa nje nakunywa chai. Mama, ambaye kufikia hapo alikuwa amejifunza kupiga simu na kufungua mwenyewe, aliniita kutoka ndani bila kuinua sauti sana.

"Kuna ya Maskati, ni yangu. Kuna ya Mwanza, ya shangazi yako. Na kuna moja inauliza kama tumefika Manyoni."

Niliweka kikombe chini. Mhariri alikuwa ameanza barua yake kwa swali hilo. Alitaka nibadilishe sehemu tatu na nifupishe safari ya Dodoma. Kuhusu maswali ya kuku alisema yasiguswe hata moja. Hakuahidi kuchapa, aliomba nimrudishie ndani ya mwezi, aione tena.

"Utajibu leo?" Mama aliuliza.

Nilitazama kona ya kioo. Tarehe ilikuwa ya siku ile.

"Leo," nikasema, naye akanipisha kwenye kiti.