Yosefu Kichwa Chini

Mume wangu, Emil Kostelnik, ana sauti ambayo Pittsburgh nzima inaijua na uso usiojulikana na mtu. Ukimkuta dukani akichagua vitunguu hutamtazama mara mbili: mfupi, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, vidole vyeusi kwa masizi hata avisugue vipi. Lakini akimwambia muuza nyama neno moja tu, watu wa kwenye foleni hugeuka. "Ni wewe? Emil wa Mlimani?" Naye huinamisha kichwa na kucheka chinichini kama msichana aliyesifiwa nywele.

Ni redio iliyompa jina hilo. Msimu wa besiboli ukiisha na uwanja ukilala chini ya theluji, watu wa hapa huendelea kucheza kwa mdomo. Nani atabaki, nani atauzwa, tutapewa nani badala yake. Jioni, watu wakitoka kazini, mtangazaji Buddy Tresco hufungua simu za wasikilizaji, na Emil humpigia akiwa ndani ya gari lake la kazi, ameliegesha mbele ya nyumba ya mteja, injini ikinguruma. Nyumbani mimi humsikiliza nikimenya viazi. Nikisikia anakohoa kabla ya kusema, najua ana jambo kubwa.

Kazi yake ni kutengeneza matanuru ya kupasha nyumba joto. Baba yake alikuwa mtu wa kinu cha chuma, na kinu kilipofungwa alimwambia Emil, "Moto mkubwa umekufa, mwanangu. Kashike ile midogo." Akaishika. Nusu ya nyumba za mlima huu zinapata joto kwa mkono wake, na watu humwachia funguo ili aingie wakiwa kazini. Funguo hizo zinaning'inia kwenye misumari kando ya mlango wa jikoni kwetu, kila moja na utepe wa rangi yake niliofunga mwenyewe. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Kila asubuhi kabla ya kahawa huzipitia kwa macho, kama mama anayehakikisha watoto wote wamo kitandani.

Na Emil alikuwa na sheria moja. Tanuru hukaa kwenye chumba cha chini ya nyumba, na huko ndiko watu huweka wasiyotaka yaonekane: chupa nyuma ya mashine ya kufulia, kitanda cha mume aliyefukuzwa chumbani, nguo za mtoto aliyekufa. Emil ameyaona yote hayo. Ukimuuliza hujibu, "Ya chini hubaki chini." Hata mimi haniambii. Kwa sababu hiyo watu walimpenda, na kwa sababu hiyo mimi nilijivuna kwa kina mama wenzangu wa parokia, zaidi ya ile sauti ya redioni.

Majira haya ya baridi habari ilikuwa moja tu, Wade Hollister. Ni mrushaji wetu wa mkono wa kushoto, na tangu binti yangu Janine akiwa mdogo hatujapata anayerusha mpira kama yeye. Lakini timu yetu tunaijua. Hulea, wengine wakavuna. Mchezaji akishakuwa nyota, bei yake hutushinda, hupelekwa mji mkubwa, nasi huletewa vijana watatu ambao majina yao hatuyajui. Kila jioni Buddy aliuliza: anakwenda, haendi?

Emil aliapa kwamba haendi.

"Emil, mzee wangu," Buddy akamwambia, "mwaka jana uliapa mdakaji wetu hauzwi. Ulipokuwa unaapa alishafunga mkanda ndani ya ndege."

Mji mzima ulicheka. Emil naye alicheka, tena kwa nguvu. Lakini usiku ule mezani alikunja kitambaa chake cha kujifutia, akakikunjua, akakikunja tena, wala hakugusa kabichi yake. Nikaona, nikaendelea kula. Mwanamume akichekwa mbele ya watu, usimwongezee jicho la mkewe.

Ndipo tanuru la kina Hollister likazimika.

Mkewe, Marisa, alipiga simu mwenyewe. Ni mtoto wa watu wa kawaida, wazazi wake walikaa mji mdogo wa New Castle, na jina la Emil alipewa na padre. Emil alivaa shati safi kwenda kuchafuka. Nyumba yao iko ng'ambo ya mto, juu kwenye mteremko, kubwa lakini si ya kutisha. Marisa alimfungulia, akamwonyesha ngazi za chini, akamwacha na kazi yake. Emil aliona kwamba kuna kipuri kimekufa ambacho lazima kiagizwe, akaunga kwa muda ili moto uwake. Alikuwa amepiga magoti akikusanya vifaa alipoona kitu kikisogea dirishani.

Madirisha ya vyumba vile ni madogo, yako juu ukutani, usawa wa ardhi ya nje. Hapo Emil aliona mikono miwili tu, imevaa glavu nyekundu za sufu, ikichimba udongo kwa kijiko cha supu. Mkono mmoja ukatoka na sanamu ndogo, ukaiweka shimoni kichwa chini, uso ukielekea nyumba, kisha ukafukia na kupapasa juu kama mtu anayemfunika mtoto.

Mtu yeyote wa parokia yetu angeelewa. Ukitaka nyumba yako ipate mnunuzi upesi, unamzika Mtakatifu Yosefu uani, kichwa chini. Nyumba ikishauzwa unamfukua, unamshukuru, unahama naye. Mama yangu alifanya hivyo, na dada yangu pia. Nyumba ya dada yangu ilichukuliwa kabla ya Kwaresima kuisha.

Emil alirudi nyumbani amepauka. Aliniambia kabla hajavua viatu. "Dot, wanauza. Hollister anaondoka. Nimemwona mkewe akimzika Yosefu."

Nikamwambia ya chini hubaki chini.

"Lakini haikuwa chini," akasema. "Ilikuwa uani. Mimi ndiye niliyekuwa chini."

Alilisema akitabasamu, kama wakili aliyepata mwanya. Nilipaswa kuogopa tabasamu lile kuliko maneno. Kesho yake jioni nilikuwa jikoni, redio imewashwa, nikasikia kikohozi.

Hakutaja jina la mke wala mtaa. Alisema tu kwamba kazi yake humfikisha kwenye nyumba za watu, na kwamba ameona kwa macho yake, katika uwanja wa nyumba ya mtu fulani wa mkono wa kushoto, Yosefu akiingia ardhini. Buddy Tresco, ambaye sijawahi kumsikia akiacha mzaha, safari hii aliuacha. Kisha akasema taratibu, "Jamani. Yosefu yuko ardhini." Usiku huohuo maneno hayo yalikuwa kwenye kila simu mjini. Janine akanipigia kutoka kazini kwake kwenye duka la dawa. Hakuuliza kama ni baba yake. Alisema, "Mama, ungezima ile simu yake."

Kilichofuata watu wa mji mwingine hawangekifanya. Huku kwetu ukishaondoa theluji kwa koleo mbele ya nyumba yako, unaweka kiti cha jikoni pale barabarani, na hakuna anayethubutu kukisogeza ili aegeshe gari. Kiti kinasema: hapa pana mwenyewe, anarudi. Basi mashabiki wakaanza kupeleka viti mbele ya nyumba ya Hollister. Vya mbao, vya plastiki, vya kukunja, kimoja cha mtoto mchanga. Walitaka kumwambia nafasi yake hapa inamngoja. Walifanya kwa upendo, na hilo ndilo lililoniumiza baadaye. Wengine hawakuwa na upendo. Waliruka ua wakachimba mpaka wakampata Yosefu, na aliyempata akaondoka naye.

Asubuhi, mbele ya watu wa televisheni, mlango wa Hollister ulifunguliwa akatoka bibi kizee. Alivaa gauni la kulalia, ndara, na glavu nyekundu za sufu.

Nilikuwa nimesimama mbele ya runinga na ufagio mkononi. Emil alikuwa amekaa, kikombe hakijafika mdomoni. Tuliziona glavu kwa pamoja.

Bibi yule alitazama viti vilivyojaa theluji, akadhani ni vyombo vyake vinatolewa nje. Alikwenda kwenye kimoja, akakipangusa kwa mkono, akakaa. Alimwambia mwenye kamera kwamba yuko tayari, amekwishafunga kila kitu, anataka kurudi kwake New Castle, mumewe anamngoja na chakula. Kisha akauliza nani kamchukua Yosefu wake. Hakuna aliyeizima kamera.

Hollister alitoka na fulana tu katika baridi ile. Alimfunika bibi kwa blanketi, akamwinua. Alisema maneno machache. "Hatuuzi nyumba. Huyu ni mama wa mke wangu. Anasahau. Yosefu alimtoa kwenye pango letu la Noeli. Hatukutaka mjue, sasa mmejua. Nendeni makwenu."

Emil aliweka kikombe mezani kwa uangalifu mno, kama kitu kisicho chake.

Siku zile nyumba yetu ilikuwa kama ya msiba usio na maiti. Redio walirudia kikohozi chake na maneno yake mpaka nikauchomoa waya ukutani. Ijumaa nilipokwenda kwenye jiko la parokia kukunja pirogi, vile vijisambusa vya kuchemsha, mazungumzo yalikatika nilipoingia, halafu mmoja akanisifia skafu yangu, na skafu ile ni ya zamani. Bi Hruska, jirani wa mtaa wa juu, alikuja kuchukua ufunguo wake. Alisema mpwa wake sasa anaishi karibu, ufunguo utamfaa. Bi Hruska hana mpwa. Niliufungua utepe wa kijani nikampa, na msumari ukabaki mtupu. Baadaye misumari mingine nayo ikabaki mitupu. Emil alipita pale bila kutazama ukuta.

Halafu kipuri kikafika. Emil alikigeuzageuza mezani, akasema labda amtume fundi mwingine. Nilimwambia nyumba ile ina mgonjwa, na moto aliouunga hautamaliza baridi hii. Sikusema zaidi. Nilivaa koti, nikaingia garini kabla yake ili asiweze kubaki.

Marisa alifungua mlango. Emil alivua kofia. "Bibi, sauti ile ilikuwa yangu."

"Najua," akasema. "Mama humsikiliza Buddy kila jioni. Nilikujua ulipokohoa." Hakupandisha sauti. "Tanuru liko palepale."

Tulipita sebuleni. Pango la Noeli lilikuwa juu ya rafu: Maria, mtoto, kondoo, na nafasi mahali pa Yosefu. Bibi alikuwa amekaa karibu na dirisha, glavu mapajani. Alimwona Emil, akamwita kwa kidole, akamwinamisha karibu.

"Wewe ndiye wa kuuza nyumba?"

Emil akakunja kofia mkononi. "Ndiyo, mama."

"Imepata mtu?"

"Bado, mama."

"Basi usimwambie yeyote. Binti yangu hajui."

"Simwambii yeyote," Emil akasema kwa sauti ile ambayo mji mzima unaijua.

Marisa alikuwa mlangoni, amesikia. Alitushusha chini, akaonyesha lile dirisha dogo. "Ukimaliza, lizibe." Akatuacha.

Emil alianza na dirisha. Alikata ubao, akaupigilia misumari, akaziba kingo kwa gundi, akapitisha kidole hata pale pasipo na upenyo. Chumba kikawa giza. Nikamshikia tochi akabadilisha kipuri, na moto uliposhika alikaa akiutazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Ningeishia hapa kama dunia ingekuwa na haya. Februari, wiki ambayo warushaji hufika kambini kwa mazoezi ya msimu mpya, timu ilimuuza Wade Hollister. Tukapewa vijana watatu. Nyumba ya ng'ambo ya mto ikawekwa bango la kuuzwa, na yule bibi akahamishwa mara nyingine, mbali zaidi na New Castle.

Na mji ukamkumbuka Emil. Muuza nyama alimpa mkono juu ya meza ya nyama. "Kumbe ulijua wewe. Ulijua kabla ya wote." Buddy Tresco alipiga simu ya nyumbani kwetu, anamtaka nabii wa Mlimani hewani. Nilimwambia Emil hayupo, naye alikuwa amekaa mbele yangu, anakunja kitambaa.

Jioni hiyo Bi Hruska akaja. Alisimama mlangoni akiipangusa theluji mabegani, akacheka, akatoa ufunguo mfukoni. "Haya, mtabiri. Uliona kweli. Rudisha huu msumarini, yule mpwa wangu hajui kitu."

Nilinyoosha mkono kuupokea. Utepe wa kijani nilikuwa nimeuhifadhi kwenye droo. Emil aliinuka, akautwaa ufunguo kabla yangu, akaushika kidogo, kisha akaurudisha katika kiganja cha Bi Hruska na kukifunga kwa vidole vyake vyeusi.

"Kaa nao," akamwambia. "Tanuru likisumbua nipigie. Nitakuja ukiwapo."

Bi Hruska alinitazama mimi apate maelezo. Nikatazama misumari.