Siku Niliyoisindikiza Okestra

Hadi leo nikisikia kifuniko cha piano kikifungwa kwa kishindo, hukunja vidole vyangu haraka. Piano ndiyo kazi yangu, nimepiga katika kumbi kubwa na ndogo, na kote huko wanajua kifuniko nafunga mwenyewe, polepole. Wanadhani ni maringo. Wao sijawahi kuwaeleza, lakini ninyi nawaambia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tukikaa Woolwich, Uingereza, mimi na Mama. Mama alitunza wazee katika makao yao, na Jumapili tulisali na Wakenya na Wakongo wenzetu katika ukumbi wa shule ulionuka viazi vya kukaanga vya Ijumaa. Humo ndimo nilimojifunzia kinanda. Sheria ya pasta ilikuwa moja tu: kinanda hakinyamazi. Mtu akiomba, unampigia chini kwa chini, akilia, unampigia, pasta akitafuta miwani yake, unapiga mpaka aipate. Siku moja niliinua mikono nijikune pua, mama mmoja wa Kikongo akafumbua macho katikati ya maombi, akanitazama mpaka nikarudi kazini.

Basi nikachaguliwa kupiga konseto na okestra ya vijana. Konseto ni piano moja na okestra nzima, na hii ilitungwa karne ya kumi na tisa na bwana mmoja mgonjwa wa mapenzi aliyeyamwaga yote kwenye piano. Niliipenda kufa. Mwalimu wangu wa piano alinifundisha sehemu yangu tu. Kurasa za okestra tuliziruka, maana okestra hatukuwa nayo.

Siku ya mazoezi ya kwanza Mama alibadilishana shifti, akaingia kazini alfajiri ili mchana aje kunisikiliza. Aliketi nyuma kabisa na sare yake. Okestra ikaanza, peke yake, na haikuonekana kumaliza karibuni. Mimi niko mbele ya piano, mikono mapajani. Mnategemea mtoto wa kanisa letu afanye nini? Nilitafuta ufunguo wao, yaani sauti waliyoanzia, nikaanza kuwasindikiza taratibu, kama watu wanaoomba. Na wallahi sikukosea hata noti moja. Msichana wa selo, ile fidla kubwa, aliyekuwa karibu nami alitabasamu.

Kondakta akasimamisha kila mtu. Alishuka, akaja, akakibamiza kifuniko, vidole vyangu vikiponea chupuchupu.

"Kanisani kwenu labda ni sawa," alisema kwa Kiingereza chake kilichonyooka, maana alijua nilikojifunzia. "Hapa tunapiga muziki."

Watoto wakacheka. Akamwita msichana mpiga piano wa akiba akae kwenye kiti changu.

Mama akaja mbele. Nilifurahi, kwa kuwa Mama ana mdomo, na nilijua sasa bwana huyu atakiona. Badala yake alisema samahani. Akasema tena. Kisha akaomba niruhusiwe kukaa kando ya yule msichana nimfungulie kurasa mazoezi yote yaliyobaki. Kondakta akainua mabega, akakubali.

Ndani ya basi nilimfokea kwa Kiingereza, naye akanijibu kwa Kiswahili kama kawaida yetu.

"Neema, mimi huo muziki siujui. Siwezi kukuonyesha pa kungoja. Yule bwana anajua. Kaa hapo umwibie."

Nilimwambia ameniaibisha kuliko yule kondakta.

Wiki sita nilifungua kurasa huku nimefura. Msichana yule akapiga tamasha langu, akapigiwa makofi yangu. Lakini kufikia siku hiyo nilijua kila ala inaingia wapi.

Leo naipiga konseto hiyo, na watu hunisifu kwa jinsi ninavyoisikiliza okestra kabla sijaingia. Huniuliza nilisomea chuo gani. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba siku ile Mama hakuogopa, alimeza tu, ili mlango usifungwe. Yeye namshukuru. Bwana yule msiniambie nimshukuru, nimekataa. Mtoto alihitaji maneno matatu tu: ngoja, wao wanaanza. Hayo yalimshinda. Na Mama yangu, aliyeamka alfajiri kwenda kuwaogesha wazazi wa watu kama yule bwana, ndiye aliyeomba samahani.