Yusufu Gerezani, Nyamirambo

Kanisa letu la Kagera lilinipeleka Kigali mwaka 1991 kwa sababu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, sikuwa na mke, na hakuna mwingine aliyetaka kwenda. Nilipewa baiskeli, Biblia na chumba kikubwa cha kupanga katika mtaa wa Nyamirambo, nihubiri kwa Kiswahili. Hakuna aliyekuwa ameuliza kama Wakristo wa Kigali walisali kwa Kiswahili. Walisali kwa Kinyarwanda, na waliosoma sana kwa Kifaransa. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya soko, ya askari na ya Waislamu.

Basi wakaja Waislamu. Wa kwanza alikuwa jirani yangu, fundi cherehani, mzee ambaye babu yake alifika huko na biashara kutoka pwani. Alisikia Kiswahili changu dirishani, akavumilia Jumapili tatu, ya nne akaingia na kuketi. Iliyofuata alileta mafundi wenzake. Nilikuwa nikisimulia habari za Yusufu mwana wa Yakobo, kipande kidogo kila wiki. Waliijua. Walitaka kuona nitaifikishaje mwisho.

Nyumbani niliandika kwamba chumba kinajaa na watu hawakosi. Yote yalikuwa kweli.

Mwezi wa kumi na moja mchungaji wangu akaja kuwaona. Kama asingekuta waumini ningerudishwa kwenye migomba ya baba, kazi niliyokuwa nimeikimbia na kuuita ukimbizi huo wito. Nikamweleza fundi.

"Usiogope, mwalimu," akasema. "Tutajaa."

Walijaa. Kwa heshima walivua viatu mlangoni. Mchungaji alitazama safu ile ya viatu akaninong'oneza kwamba washarika wenye adabu hivyo hajawahi kuwaona. Alihubiri saa nzima, kisha akaomba anayetaka kubatizwa anyooshe mkono. Hakuna mkono ulionyooka. Akaomba waliokwisha kubatizwa wanyooshe. Nikanyoosha wangu.

"Hawa ni nani?" akaniuliza.

"Ni majirani."

Fundi akasimama. "Mchungaji, dini yake hatuitaki, tulimwambia mapema. Lakini amemwacha Yusufu gerezani. Usimchukue kabla hajamtoa."

"Iko kweli," akasema muuza vitambaa aliyekaa nyuma. "Alimfunga tangu mwezi juzi. Hata chakula hajamupelekea."

Mchungaji hakucheka. Alikwenda kunywa chai kwa fundi, akala sambusa nne, akanipa uamuzi wake akipangusa vidole.

"Yusufu akitoka, na wewe unatoka."

Yusufu alikaa gerezani miezi mitano zaidi. Nilieleza habari za mnyweshaji wa mfalme, kisha za mwokaji, kisha za mikate ya Misri, ambayo siijui. Wasikilizaji waliona ninachofanya, wakanisaidia kwa maswali. Muuza vitambaa alitaka kujua mlango wa gereza ulikuwa wa mbao gani. Tukautumia Jumapili mbili.

Kisha ikaja barua ya mchungaji, akiuliza hali ya mfungwa. Nikamsomea fundi. Alimaliza kupinda ukosi aliokuwa nao mkononi.

"Mtoe, mwalimu. Tusikufanye mwongo."

Jumapili hiyo Farao aliota, Yusufu akanyolewa na kubadilishiwa nguo. Hapo fundi akanyanyuka na kunivalisha koti la kijivu alilolishona bila kunipima.

"Huwezi kutoka gerezani na shati hilo," akasema.

"Na ndugu zake?" akauliza muuza vitambaa.

"Wataletwa na njaa," nikajibu.

"Haya. Tutawangoja."

Kwenye migomba nilidumu wiki tatu, nikaondoka tena, na tangu hapo sijakaa mji mmoja zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1994 nilikuwa Ngara, nikigawa maji kwa watu waliovuka mto kutoka Rwanda. Nilivaa koti lile kila siku, jua lote lile, ili mtu wa Nyamirambo autambue mshono. Hakuna aliyeutambua. Ni mshono wa kawaida, ila haujafumuka.