Salamu ya Pili

Kijijini kwao, juu kidogo ya Mlowo, mtu akifa na ndugu zake wako mbali, aliyetumwa kupeleka habari alikuwa Tabita. Si kwamba alipenda. Nani apende kazi ya namna hiyo? Ila alikuwa na kifua. Wengine wakipewa ujumbe huo wanaanza kulia njiani, wakifika wanaumwaga wote mlangoni, na mwenye msiba anaanguka papo hapo na mtoto mgongoni. Tabita hakuwa hivyo. Alikwenda hata Mbangala, hata Kamsamba kwenye lile joto la bondeni, akapiga hodi, akapewa kigoda, akaulizwa, "Habari za huko utokako?" naye akajibu, "Nzuri."

Ndiyo, nzuri. Mtu amekufa, na yeye anasema nzuri. Karani mmoja wa Chitete, mgeni wa mikoa ya pwani, aliwahi kumwambia kwamba huo ni uongo mtupu. Tabita alimhurumia. Uongo wapi? Salamu ya kwanza ni ya kumpokea mtu tu. Unampa maji, unamwacha apumue, mnazungumza mvua na mahindi. Kisha mwenye nyumba anasogeza kigoda karibu, anashusha sauti, anauliza tena: "Haya, mwenzetu, za huko hasa ni zipi?" Hiyo ndiyo salamu ya pili, na ndiyo inayofungua mdomo wa mgeni. Bila hiyo mgeni hasemi, hata akae mpaka jua lizame, maana neno zito hulibwagi juu ya mtu ambaye hajajiweka sawa kulipokea. Wote kule wanalijua hilo, tangu wakiwa watoto.

Yeye mwenyewe alikuwa amezika mume na watoto wawili. Aliyebaki ni Anania. Ekari moja na nusu ya kahawa ndiyo iliyomsomesha uuguzi, na uuguzi ndio uliompeleka Ufini, kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Picha zilikuwa zinakuja kwenye simu: Anania kwenye theluji na koti jekundu, Anania mbele ya ziwa lililoganda, Anania anacheka. Tabita alizionyesha kanisani, alizionyesha sokoni, alizionyesha hadi kwa watu walioshuka kwenye bodaboda kuuliza njia. Wanawake wakambatiza jina la Mama Ufini. Alijifanya kulikataa, lakini ukimwita kwa jina lake la zamani alichelewa kuitika.

Jumatano moja ya mwezi wa nane walikuwa kwenye vichanja vya kikundi, wanawake kumi na wawili, wanachambua kahawa, wanatoa punje zilizovunjika na zile nyeusi. Redio ilikuwa imening'inizwa kwenye nguzo. Mtangazaji akasoma kwamba watafiti wamezunguka dunia nzima kuuliza watu kama wana furaha, na nchi iliyoongoza, kwa mara nyingine tena, ni Ufini.

Vichanja vilitikisika kwa vicheko. Tusekile, rafiki yake tangu darasa la kipaimara, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

"Mama Ufini! Umesikia? Hebu mpigie basi, tumsikie mtu mwenye furaha anavyoongea. Mimi tangu nizaliwe sijamsikia hata mmoja."

Tabita alijipangusa mikono kwenye kitenge, akapiga, akaweka sauti ya juu. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri, mama."

"Redio inasema nyie huko ndio mnaongoza kwa furaha duniani!"

"Ndiyo, mama. Wanasema."

Wanawake wakacheka tena. Anania akauliza, "Mama, uko peke yako?"

"Peke yangu niende wapi? Niko na mama zako wote hapa, wanataka kukusalimia."

Akaizungusha simu. Kumi na mmoja walimsalimia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na utani wake: mmoja alitaka koti, mwingine alimwuliza lini analeta mchumba wa Kizungu. Anania alimjibu kila mmoja kwa heshima. Simu iliporudi kwa mama yake alisema tu, "Haya, mama. Basi," na laini ikakatika.

Mkono wa Tabita ulirudi kwenye kahawa, lakini macho hayakuona tena punje nyeusi. Sauti ile alikuwa anaifahamu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekalia kigoda na neno mdomoni, anayengoja kuulizwa. Yeye aliyetembea na sauti hiyo miaka ishirini angekosaje kuitambua? Na migomba ilikuwa pale pale, hatua ishirini kutoka kwenye vichanja. Angesema "ngojeni", akasogea, akauliza. Hakusogea kwa sababu alikuwa anafaidi. Watu kumi na mmoja walikuwa wanamwangalia kama mama wa mtu aliyefika, na utamu huo ulimshinda. Tumseme tu, maana yeye mwenyewe alijisema vibaya zaidi.

Alijiambia atapiga jioni. Jioni bando lilikuwa limekwisha, na duka la karibu limefungwa. Alhamisi asubuhi alinunua, akapiga akiwa peke yake nyuma ya nyumba. Simu iliita mpaka ikakata. Yuko kazini, alijiambia. Ijumaa iliita vile vile. Jumamosi alikaa kwenye kizingiti akaandika kwa kidole kimoja: "Mwanangu sasa niko peke yangu. Niambie." Ujumbe ukabaki na tiki moja. Jumapili kanisani aliulizwa habari za Anania na watu watatu, na wote aliwajibu kwamba ni nzuri.

Jumanne, saa nne asubuhi, aliona watu watatu wakipanda kutoka barabarani. Mbele mchungaji, nyuma yake mwenyekiti wa kitongoji, Nikodemo, na nyuma kabisa Tusekile, kajifunga kitenge kiunoni. Walitembea polepole, bila kuongea. Tabita aliwatambua kwa mwendo kabla hajawatambua kwa sura, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha mwendo ule. Wakienda kwa mtu namna hiyo, wa nne huwa yeye. Leo hawakumpitia.

Akapiga moyo konde, akaingia ndani, akatoa vigoda.

"Karibuni. Habari za huko mtokako?"

"Nzuri, mama," alisema mchungaji.

"Nzuri, Mama Anania," alisema Nikodemo. Tusekile alijibu chini chini huku akitazama miguu yake. Siku hiyo hakuna aliyemwita Mama Ufini.

Akawaletea maji, wakanywa. Wakazungumza bei ya kahawa, na mvua za mwaka jana zilivyochelewa. Kikafika kile kimya cha mwenye nyumba kusogeza kigoda. Tabita akasimama.

"Hamwezi kuondoka na njaa," alisema, akaenda kukamata kuku.

Hakuna aliyemzuia. Alichinja, akanyonyoa, akabandika. Alikoroga ugali kwa nguvu za mwanamke wa miaka ishirini. Jikoni, katika ule moshi, mwanawe alikuwa hai. Mradi yeye hajauliza, hao watatu hawana ruhusa ya kusema, na mradi hawajasema, Anania yuko kazini, simu kaisahau, bando limemwishia. Angeweza kupika mpaka mwisho wa dunia.

Aliwanawisha. Walikula matonge mawili mawili. Akatoa vyombo, akarudi na chai. Alipoanza kuulizia habari za paa la kanisa, Tusekile alishindwa. Alishuka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye vumbi, akamshika rafiki yake miguu.

"Tuulize, Tabita," alisema. "Nakuomba, dada yangu. Tuulize."

Tabita aliweka birika chini. Akavuta kigoda, akakaa, akaweka mikono mapajani. Sauti yake ilitoka ya kawaida kabisa, ile ile ya kazi yake.

"Haya, wenzangu. Za huko hasa ni zipi?"

Mchungaji ndiye aliyesema. Alikuwa amepigiwa simu kutoka Ufini. Anania alikuwa amejitoa uhai mwenyewe, chumbani kwake. Alikuwa kwenye siku zake za mapumziko, kwa hiyo kazini hawakumtafuta, na majirani wa jengo lile hawakuwa na mazoea ya kugongeana milango. Walimkuta jana, Jumatatu. Madaktari walisema alifariki usiku wa Jumatano.

"Jumatano," alirudia Tabita. Akahesabu kwa vidole, polepole, siku ambazo simu yake ilikuwa inaita ndani ya chumba kile.

Mchana kutwa watu walimiminika. Wanawake wa vichanjani walikuja wote kumi na mmoja, na vilio vyao vilisikika mpaka barabara kuu. Tabita alikaa kwenye mkeka, macho makavu. Tusekile, aliyekuwa amemkumbatia, hasira zilimpanda, akamlaani yule mtangazaji kwa sauti.

"Waongo wakubwa! Furaha gani hiyo? Mtu afe, siku tano zipite, hakuna hata wa kumbishia hodi!"

"Usiwatukane," alisema Tabita. "Pengine kweli wana furaha. Wale kuna mtu aliwafuata, akawauliza, akangoja wamjibu. Huyu alikuwa wa kuulizwa na mimi."

Ndipo Tabita alipoanza kulia, na haikuwezekana kumnyamazisha.